Kwa nini Tabari analisimulia tukio moja mara tatu?

Msomaji mmoja ameniandikia: “Mwalimu, nimeanza kusoma Tarikhi ya Tabari kwa tafsiri ya Kiingereza, na nimechoka mapema. Tukio moja analieleza, kisha anasema ‘na fulani amesema’, analieleza upya kwa namna inayopingana na ile ya kwanza, pengine na mara ya tatu, halafu anaendelea na mambo mengine bila kusema ipi ndiyo kweli. Shekhe wetu anamwita bahari ya elimu. Rafiki yangu wa chuo anasema huyo ni mkusanyaji wa maneno ya watu, si mwanahistoria. Nimsikilize nani? Na bila Kiarabu nitaambulia kitu?”

Ndugu yangu, rafiki yako kapata nusu. Tabari, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya tatu Hijria, ni mkusanyaji, na mwenyewe hakuficha. Lakini katika fani yake kukusanya ndiko kulikokuwa kuandika historia, na huko kurudiarudia kulikokuchosha ndiko kwenye mali yenyewe.

Tuanze na neno ambalo sisi tunalo mdomoni tangu alfajiri mpaka usiku: habari. Asili yake ni khabar, na wingi wake kwa Kiarabu ni akhbar. Kwa wanahistoria wa Kiislamu wa karne za mwanzo, khabar ndiyo tofali la kujengea. Ni kipande kimoja cha masimulizi, kina mwanzo wake na mwisho wake, nacho kinakuja na majina ya watu waliokileta. Kitabu cha historia ni matofali hayo yaliyopangwa. Pwani yetu ilirithi mtindo huo hata kwenye majina: tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu ina neno akhbar ndani ya jina lake, na za Pate na Lamu zikaitwa habari tu.

Sasa fikiria barazani. Mtu anafika mbio anasema basi limepinduka huko njia panda. Kabla ya kuulizwa wangapi wameumia, ataulizwa: nani kakwambia? Ulikuwepo? Akisema “nimeambiwa na utingo wa gari lililopita,” wazee wanapima: utingo huyo aliona mwenyewe au naye kaambiwa? Mlolongo huo wa majina ndio isnadi. Wanazuoni wa hadithi waliunoa mpaka ukawa elimu kamili, na wanahistoria wa mwanzo wakauazima, ingawa hawakuwa wakali kama wenzao wa hadithi.

Ndiyo maana kwa Tabari utakutana mara mia na maneno haya: “Ibn Humayd ametuhadithia, akasema: Salama ametuhadithia, kutoka kwa Ibn Ishaq.” Msomaji wa leo anayaruka. Mimi mwenyewe nilipoanza niliyaruka, nikawa naona kitabu kizima ni watu wanaogombana bila sababu. Lakini hebu yatazame. Ibn Humayd ni mwalimu wa Tabari katika mji wa Rayy, ujanani mwake. Salama alikuwa kadhi wa mji huohuo na mwanafunzi wa Ibn Ishaq. Ibn Ishaq ndiye mwandishi mkubwa wa sira ya Mtume, aliyefariki karibu na mwaka 150 Hijria (767). Kwa majina matatu umeruka miaka mia na zaidi, na unajua umepita mlango gani. Kwingine ataandika: “Al-Sari ameniandikia, kutoka kwa Shuayb, kutoka kwa Sayf.” Ameniandikia, hakusema amenihadithia. Hakukaa mbele ya mtu huyo akamsikia, amepata maandishi. Tabari hachanganyi mambo hayo mawili.

Abu Jaafar Muhammad bin Jarir alizaliwa Amul, kwenye nchi ya Tabaristan kando ya Bahari ya Kaspi, mwishoni mwa mwaka 224 au mwanzoni mwa 225 Hijria (839). Alitoka kwao kijana kutafuta elimu, akapita Rayy, Basra, Kufa, Sham na Misri, akatulia Baghdad mpaka alipofariki mwaka 310 (923). Inasimuliwa kwamba aliwauliza wanafunzi wake kama wana hamu ya historia ya ulimwengu tangu Adam mpaka wakati wao. Itakuwa kubwa kiasi gani? Karatasi 30,000. Wakasema umri utakwisha kabla ya kitabu kwisha. Akasikitika kwamba himma za watu zimekufa, akaifupisha ikawa 3,000. Kwa hiyo, ndugu yangu, hicho kinachokuchosha ni muhtasari.

Kumbuka pia kwamba mtu huyu alikuwa mfasiri wa Kurani na mwanafiqhi kabla ya kuwa kitu kingine. Kwenye tafsiri yake anapanga kauli za wanazuoni moja baada ya nyingine, kisha mara nyingi anasema: katika kauli hizi, iliyo bora kwangu ni hii, kwa sababu hizi. Hukumu anaiweza vizuri sana. Mbona basi kwenye historia anaibana? Jibu liko kwenye utangulizi wake. Anasema kwamba yaliyopita hayajulikani na asiyekuwepo isipokuwa kwa habari za wapokezi. Akili na hoja haziwezi kuyafukua. Na kama msomaji atakutana na habari inayomchukiza au isiyoingia akilini, ajue haikutoka kwake, imetoka kwa waliomletea, naye ameifikisha kama alivyofikishiwa. Wengine wanaona hiyo ni njia ya kukwepa lawama. Mimi naisoma kama mkataba kati yake na msomaji: nakukabidhi ushahidi pamoja na majina ya mashahidi, kupima ni kazi yako.

Twende mahali ambapo mkataba huo unafanya kazi. Mwaka 61 Hijria (680), Husein bin Ali, mjukuu wa Mtume, amezuiwa Karbala, huko Iraki. Mbele yake limesimama jeshi la Kufa chini ya Umar bin Saad. Siku chache kabla ya tarehe 10 Muharram, viongozi hao wawili wanakutana usiku kati ya kambi mbili. Walisemezana nini? Hapo ndipo Tabari, akinukuu kwa Abu Mikhnaf, mkusanyaji wa habari wa Kufa, anapotoa habari tatu zinazofuatana.

Ya kwanza inatoka kwa askari aliyekuwepo upande wa jeshi, Hani bin Thubayt. Anasema kila mmoja alikuja na wapanda farasi wapatao ishirini, kisha wakaamriwa kurudi nyuma, “tukasogea mpaka hatusikii sauti zao wala maneno yao.” Mazungumzo yakachukua sehemu ya usiku. Baadaye watu wakaanza kukisia: ati Husein alimwambia Umar waache majeshi yote mawili waende pamoja kwa Yazid, khalifa wa wakati ule, Umar akajibu, nyumba yangu itabomolewa, Husein akasema, nitakujengea, Umar akasema, mashamba yangu yatachukuliwa, Husein akasema, nitakupa bora kuliko hayo katika mali yangu ya Hijazi. Mazungumzo matamu kabisa, nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba. Halafu habari inamalizia kwamba watu waliyaeneza hayo bila kusikia chochote wala kujua chochote.

Ya pili inaletwa kwa jina la kundi la wapokezi, akiwemo Mujalid bin Said. Hao wanasema Husein alitoa njia tatu: arudi alikotoka, au auweke mkono wake katika mkono wa Yazid na Yazid aamue, au apelekwe kwenye mpaka mmojawapo wa Waislamu akaishi kama mmoja wao.

Ya tatu inatoka kwa Uqba bin Siman. Anasema nilifuatana na Husein kutoka Madina hadi Makka, na kutoka Makka hadi Iraki, sikumwacha mpaka alipouawa, wala hakuna neno aliloambia watu ila nililisikia. Wallahi hakuyasema hayo wanayodai watu, kwamba aliahidi kuuweka mkono wake katika mkono wa Yazid au apelekwe mpakani. Alisema: niacheni niende katika ardhi hii pana mpaka tuone mambo ya watu yatakavyokuwa.

Uqba ni nani? Alikuwa mtumishi wa Rabab, mke wa Husein. Kurasa kadhaa mbele, baada ya mauaji, analetwa mbele ya Umar bin Saad. Anaulizwa: wewe nani? Anajibu: mimi ni mtumwa, ninamilikiwa. Wakamwachia. Ushahidi wa mtu aliyekuwa karibu na Husein kuliko wengi ulibaki duniani kwa sababu waliomkamata walimwona si mtu wa kuhesabiwa.

Sasa uliza: angetuchagulia moja, angechagua ipi? Ya kundi la wapokezi ingeshinda kwa wingi wao, na sauti ya mtumwa ingezimika. Ama yangu, naielemea ile ya Uqba kuhusu aliyoyasema Husein mbele za watu, lakini naikumbuka ya kwanza inaponikumbusha kwamba usiku ule masikio yote yalikuwa mbali. Naweza kukosea. Ninachoshukuru ni kwamba nimeachiwa nafasi ya kukosea mwenyewe. Isitoshe, kitabu cha Abu Mikhnaf, aliyefariki mwaka 157 (774), hakikutufikia. Tulicho nacho sehemu kubwa ni hivyo vipande alivyovihifadhi Tabari bila kuviyeyusha. Wanazuoni wa hadithi walimwona Abu Mikhnaf dhaifu, na Mujalid vilevile. Hata kipimo hicho unaweza kukitumia kwa kuwa majina yapo.

Usidhani kwamba hakati shauri kamwe. Kuhusu vita vya Kadisia, kati ya Waislamu na Waajemi, anaandika kwamba mwanahistoria Waqidi aliviweka mwaka 16, na Ibn Ishaq alisema ni mwaka 15, ama kilichothibiti kwetu ni mwaka 14. Mstari mmoja, amekwisha. Unapoona “Abu Jaafar amesema,” simama, huyo ni yeye mwenyewe anakohoa. Na hata asipokohoa, ujue ni nani aliyepanga: nani atangulie, nani apewe kurasa kumi na nani mistari miwili, nani aachwe nje kabisa.

Kuachwa nje ndiko rafiki yako angepaswa kukuuliza. Anapofika kwenye kuuawa kwa Khalifa Uthman mwaka 35 (656), Tabari anasema waziwazi kwamba ameacha nyingi katika sababu walizotaja wauaji, kwa mambo yaliyomlazimu kuziacha. Mambo gani, hasemi. Na kuhusu barua zilizoandikiana kati ya Muhammad bin Abi Bakr na Muawiya, anasema amechukia kuzitaja kwa kuwa zina yale ambayo watu wa kawaida hawawezi kustahimili kuyasikia. Barua hizo tunazisoma kwa Masudi, mwanahistoria aliyemfuata, ambaye hakuona haya. Kwa miaka hiyo ya fitna Tabari anamtegemea sana Sayf bin Umar, ambaye wakosoaji wa hadithi walimsema vibaya kuliko wengi. Kwa hiyo mtu akikwambia Tabari ni kioo kisicho na doa, mwambie kioo chenyewe kimeandika pale kilipofunikwa.

Na kuna mahali kioo kinatoa sauti. Kwenye mwaka 255 (869) anaanza kueleza uasi wa Zanji karibu na Basra, ulioendelea mpaka 270 (883). Yalikuwa yakitokea katika uhai wake, naye alikuwa mtu mzima. Watumwa waliokuwa wakikwangua tabaka la chumvi kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraki walimfuata mtu aliyeitwa Ali bin Muhammad, wakajenga mji wao, al-Mukhtara, na mwaka 257 (871) wakaingia Basra wakaiharibu. Hapa Tabari hana upole. Kiongozi huyo anamwita adui wa Mwenyezi Mungu, anamwita khabithi. Lakini shahidi wake mkuu, Muhammad bin al-Hasan aliyejulikana kwa jina la Shaylama, alikuwa ndani ya kundi la waasi wenyewe. Ndiyo sababu katikati ya matusi unapata mambo ambayo mtu wa ikulu asingeyajua: nani alikwenda kuwavuta vibarua gani, kwenye mfereji upi, na aliwaambia nini. Wataalamu bado wanabishana ni wangapi kati yao walitoka kweli upande wetu wa pwani, kwa maana jina Zanji lilitumika kwa upana; usikubali mtu akukatie jambo hilo kwa sentensi moja.

Waliomfuata Tabari hawakuwa na subira yake. Mwaka 352 Hijria (963), Balami, waziri wa Wasamani, watawala wa nchi za mashariki ya Uajemi, alianza kuhamishia kitabu kwenye Kiajemi, akaziondoa isnadi na kupunguza riwaya zinazogongana. Kikawa chepesi, kikasomwa sana. Ibn al-Athir wa Mosul, aliyefariki mwaka 1233, alieleza njia yake bila kificho: anachukua riwaya iliyo kamili kuliko zote kwa Tabari, anaichomekea yaliyomo kwenye nyingine, inatoka hadithi moja iliyonyooka. Ukitaka kujua nini kilitokea mwaka fulani kwa haraka, Ibn al-Athir ni rafiki mzuri. Ila mshono hauonekani tena, na ukishatilia shaka neno moja huna mlango wa kutokea.

Masudi naye ni mtu wa namna nyingine. Alimsifu Tabari kupita wanahistoria wote waliomtangulia, halafu hakumwiga. Anasimulia kwa mada, mwenyewe anajitokeza, na alisafiri. Mwaka 304 (916) alivuka bahari kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi wanakiona ni Pemba, kurudi Omani. Hakuhitaji isnadi kusema juu ya mawimbi ya bahari hii, aliogopa mwenyewe. Anasema pembe za ndovu zilitoka huku zikapelekwa Omani, na kutoka huko India na China. Na anataja jina la wafalme wa Zanji, ambalo nakala zinaliandika waqlimi. Kwa hati ya Kiarabu fe ina nukta moja na kafu nukta mbili. Ondoa nukta moja, isome tena. Wataalamu wengine wamesoma hapo wafalme, na mimi kila nikifika ukurasa huo hutabasamu: huenda ni neno letu, limepotea njia kwa nukta ya mnakili.

Hoja ya rafiki yako ina mzazi mkubwa, na ni haki nimtaje. Ibn Khaldun, aliyeandika Mukadima yake mwaka 1377 akiwa kwenye ngome ya Ibn Salama katika Aljeria ya leo, aliwalaumu waliotangulia kwa kupokea habari bila kuzipima kwa tabia ya mambo. Masudi na wengine walinakili kwamba Musa aliwahesabu wanajeshi wa Bani Israili jangwani akakuta 600,000 na zaidi. Ibn Khaldun anauliza: jeshi la namna hiyo lingepangwaje? Safu moja isingejua yanayotokea kwenye safu nyingine. Na vizazi kutoka Israili, yaani Yaakub, mpaka Musa havitoshi kuzaa watu wote hao. Kwake kabla ya kuuliza msimulizi ni mwaminifu au la, uliza kwanza kama jambo lenyewe linawezekana. Kumchunguza mpokezi kunafaa zaidi katika habari za sheria. Ana haki. Lakini kipimo chake kinakata yasiyowezekana tu. Usiku ule wa Karbala, habari zote tatu zinawezekana. Hapo Ibn Khaldun hakusaidii, unarudi kwa Tabari na majina yake.

Kuhusu Kiarabu: ungekuwa nacho ungefaidi, lakini usisubiri. Tafsiri unayoisoma ina mijalada 40, wa mwisho ukiwa fahirisi, na imeziacha isnadi zote mahali pake. Hilo ndilo la muhimu. Usianze na wa kwanza, ni kuumbwa kwa ulimwengu na utachoka tena. Chukua wa 19, utawala wa Yazid, uutafute ule mkutano wa usiku. Ukimaliza nenda wa 36, wa Zanji. Kaa na penseli na karatasi. Kila habari ikianza andika jina la msemaji wa mwisho kabisa, yule aliyekuwepo, kisha mji wake kama unatajwa. Baada ya kurasa hamsini utaona majina yaleyale yanarudi, na utaanza kujua nani wa Kufa, nani wa Madina, nani husimulia vita na nani husimulia hotuba.

Na zile namba zilizowekwa pembeni mwa kurasa, zilizokuwa zikikusumbua pengine bila kuzisema, ni kurasa za chapa ya Kiarabu iliyotolewa Leiden kati ya 1879 na 1901, chini ya uangalizi wa de Goeje. Andika namba hiyo pamoja na mwaka wa Hijria, umpelekee shekhe wako. Mwombe akusomee Uqba kwa Kiarabu, polepole, kuanzia kwenye isnadi.